Mstari wa Korosho

Siku mliponiaga, mwalimu mmoja kijana aliniuliza nilipanda madaraja mangapi katika kazi yangu. Nilimjibu kwamba faili langu linajua. Mimi ninachokumbuka ni darasa la saba, mwezi wa tisa, asubuhi ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi: sare zimefuliwa na kunyooshwa, penseli mbilimbili mifukoni, na watoto wanaotetemeka wakati joto la Mtwara linatutoa jasho sote. Nimewaandaa watoto wa namna hiyo miaka mingi, mwanzoni vibaya, baadaye afadhali kidogo. Nawaandikia nyinyi mnaobaki na chaki ili ule mwanzo wangu usiwe wenu.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule ya kijiji kimoja njia ya Mahurunga, karibu na mabonde ya mpunga ya mto Ruvuma. Mimi ni mtu wa Nanyamba, mtoto wa mkulima wa korosho, mwenye kidato cha nne na cheti cha ualimu. Nilifika na baiskeli, godoro, na dasta ya mbao niliyojichongea chuoni. Mwalimu mkuu alinionyesha chumba cha kulala, akanionyesha choo, kisha akasema, "Darasa la saba ni lako. Aliyekuwepo kahama."

"Kahamia wapi?" nikauliza.

"Popote," akajibu, akaenda kugonga rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu.

Nilikuwa kijana na nilitaka shule yetu itajwe. Miaka ile mtoto kuchaguliwa kwenda sekondari lilikuwa jambo la kijiji kizima. Shule ikipata watatu, watu walipiga vigelegele. Basi nikabuni utaratibu wangu. Kila Ijumaa, kabla sijawaachia watoto waende msikitini, nilitoa jaribio. Jumatatu asubuhi nilisoma alama kwa sauti na kuwapanga upya. Waliofanya vizuri walikaa upande wa dirishani, nikauita mstari wa sekondari. Waliofanya vibaya walikaa nyuma, karibu na mlango, nikauita mstari wa korosho, kwa sababu hao, nilisema, wataokota korosho mpaka wazeeke. Nilisema hivyo mimi niliyesomeshwa kwa korosho tangu darasa la kwanza hadi la mwisho. Baba yangu angenisikia, angenivua viatu mbele ya darasa, maana alininunulia yeye.

Watoto walinipa jina la Bwana Ijumaa. Nililisikia, na nilijiona mtu.

Katika darasa hilo alikuwapo msichana aitwaye Somoe. Alikuwa na miaka kumi na minne hivi, mwembamba, anayehesabu kwa kugusisha vidole kimoja kimoja kwenye kidevu. Aliishi na bibi yake, Bibi Asumini. Hesabu alizijua kuliko wote, na mwaka ulipoanza alikaa dawati la kwanza dirishani. Ilipofika mwezi wa sita alikuwa anaumwa tumbo kila Ijumaa. Bibi Asumini akaja shuleni kwa miguu.

"Mwalimu, mjukuu wangu ana tumbo la Ijumaa," akasema. "Alhamisi mzima, Jumamosi mzima."

"Bibi, huo ni uvivu. Tumbo halijui siku."

"Lajua sana. Langu mimi lajua siku anayokuja mkwe wangu."

Niliwasimulia walimu wenzangu tukacheka mpaka chai ikapoa. Sasa naona yule mzee aliniletea taarifa kamili ya ugonjwa, nami nikaifanya kichekesho.

Kulikuwa na dalili ya pili, nayo niliipita. Niliwafundisha watoto wahakiki majibu yao mara tatu kabla ya kukusanya. Somoe alihakiki mara kumi. Aliandika jibu sahihi, akalifuta, akaandika lingine, akalifuta, akarudia la kwanza. Daftari lake lilikuwa na madoa ya kijivu, na kurasa zimelainika kama kitambaa cha zamani. Nilipoona alama zake zinashuka nilimhamisha mstari wa katikati, halafu Jumatatu moja ya mwezi wa nane nikamhamisha nyuma, karibu na mlango. Nilidhani atapata hasira ya kusoma. Alibeba daftari lake akaenda kukaa, na tangu siku hiyo hakunyoosha tena mkono kujibu swali.

Mtihani ulikuwa wa siku mbili. Walimu wa shule husika hatukuruhusiwa kusogea. Wasimamizi walitoka shule nyingine, nasi tukakaa ng'ambo ya uwanja. Asubuhi ya kwanza ilikuwa hisabati. Watoto walitoka, wakatawanyika, na wa mwisho kabisa akatoka Somoe. Alikuwa ameshika kipande cha raba kilichobaki kama punje ya mahindi.

"Mwalimu," akasema, "karatasi imetoboka."

"Karatasi gani?"

"Ya majibu. Nilikuwa nafuta."

Mratibu wa elimu wa kata alikuwa amesimama kando yangu, na mimi nilitaka kuonekana mwalimu mwenye ulimi. Nikasema kwa sauti, "Umetoboa karatasi ya serikali? Haya, kaa tayari, serikali yenyewe itakuja kukuuliza."

Mratibu akacheka. Mimi nikacheka. Somoe aliitazama ile raba, akaitia mfukoni, akaondoka.

Siku ya pili hakuja. Nilisimama njiani mpaka rimu ikagongwa na mlango wa chumba cha mtihani ukafungwa. Hapo nikapanda baiskeli kwenda kwa Bibi Asumini. Alikuwa anatwanga.

"Ametoka alfajiri na sare yake," akasema, mchi bado mkononi. "Kwani hajafika?"

Tulimtafuta pamoja, mimi na yule mzee, kwenye mikorosho, kisimani, kwa mashangazi. Tulimkuta alasiri, mtihani umekwisha zamani, bondeni kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Alikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti wanalokaa walinzi wa ndege, amejikunyata na sare yake safi. Kikaratasi cha namba yake ya mtihani kilikuwa mkononi.

"Shuka, Somoe," nikamwambia.

"Wameshakuja?"

"Nani?"

"Wa serikali."

Bibi Asumini alinigeukia taratibu. "Umemwambia nini mtoto, mwalimu?"

"Ulikuwa mzaha tu, Bibi."

"Haya," akasema. "Cheka basi."

Sikuweza. Lakini pia sikumjibu mtoto swali lake. Nilipaswa kusema palepale, chini ya dungu, kwamba hakuna anayekuja na kwamba karatasi ikitoboka unapewa msaada. Mimi nilikuwa ninafikiria nitamwambia nini mwalimu mkuu. Nilipofika ofisini nikapewa fomu ya wasiohudhuria, yenye nafasi ya kuandika sababu. Nikaandika "mtoro". Kalamu ilikuwa yangu na mwandiko ulikuwa wangu. Baadaye nilijiambia kwamba hata angefanya mtihani, nafasi zilikuwa chache. Huo ulikuwa uongo mzuri na ulinifaa kwa muda.

Mwaka uliofuata niliomba uhamisho. Niliandika kwamba nina matatizo ya kifua.

Nilihamishiwa shule moja ya mjini, si mbali na Chikongola, na huko nikakutana na Mwalimu Esta. Alikuwa mtu wa Mbeya, mumewe akifanya kazi bandarini, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza muda mrefu mpaka akawa anatembea na visoda mkobani, vifuniko vya chupa za soda vya kuhesabia. Walimu walipopungua akapewa darasa la saba, nasi tukasubiri kuona atakavyoshindwa. Aliwafundisha vilevile kama darasa la kwanza. Tofauti ilikuwa urefu wa watoto.

Siku moja nikipita nje ya darasa lake nilisikia kelele, nikachungulia. Madawati yametenganishwa kama siku ya mtihani, na Mwalimu Esta anazunguka na kopo la maziwa. Kila mtoto alichota kikaratasi ndani ya kopo, akasoma kimyakimya. Walikuwa wanaita zoezi hilo Siku ya Balaa. Kila kikaratasi kilikuwa na balaa moja, na mtoto alitakiwa kuonyesha atafanya nini likimkuta.

Mmoja akasimama. "Mwalimu, nimebanwa mkojo."

"Mtihani ndio umeanza. Unaweza kuvumilia?"

"Siwezi."

"Basi nenda, msimamizi mwenzangu atakusindikiza. Karatasi yako inakusubiri, haina miguu."

Darasa likacheka. Mwingine alivunja penseli, akatoa ya pili. Mwingine akakuta swali la kwanza halijui, akaliruka kwa kishindo, akiruka kwelikweli kutoka kwenye dawati. Kisha binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, karatasi yangu imetoboka."

"Ahsante kwa kunieleza," akasema Mwalimu Esta. "Si kosa lako, karatasi ni karatasi. Kaa, tutaona la kufanya."

Niliondoka dirishani nikaingia stoo ya majembe, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Huko ndiko Mwalimu Esta alikonikuta.

"Mdogo wangu, unaumwa?"

Nikamweleza yote, tangu mstari wa korosho mpaka neno lile kwenye fomu. Nilitegemea aniliwaze. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo mtoto umemwambia?"

"Yuko mbali."

"Mahurunga si Ulaya," akasema, akachukua jembe alilolifuata, akatoka.

Sikwenda. Andikeni hilo nalo.

Lakini nilijifunza kazi upya kwake. Mengine mnayajua kwa kuwa mliyakuta shuleni, ila hamkujua yalitoka wapi. Wiki ya mwisho kabla ya mtihani hakuna mada mpya. Mnarudia yale wanayoyaweza, ili waingie na kumbukumbu ya kuweza. Alama ya mtoto anaambiwa mtoto, kwa sauti ya kawaida, mezani kwako. Mchana wa kuamkia mtihani wanacheza rede na mpira mpaka wachoke, wapate usingizi. Mtoto anayeacha kunyoosha mkono anafuatwa kabla ya anayepiga kelele. Na wazazi waliitwa kikao, ambako Mwalimu Esta aliwapa sharti moja: mtoto akitoka chumba cha mtihani, swali la kwanza aulizwe kama amekula.

Baba mmoja, karani, alisimama akapinga. "Mwalimu, mimi nimemlipia masomo ya ziada kwa walimu watatu. Niulize habari ya ugali?"

"Ulipokuwa unatoka kwenye usaili wa kazi yako, mama watoto alikuuliza nini?"

Karani akafikiri. "Aliniuliza kama nimekula."

"Na kazi si ulipata?"

Wazazi waliangua kicheko, na karani akakaa chini akitabasamu kwa shida.

Miaka ikaenda. Mwalimu Esta akastaafu, akarudi kwao Mbeya, akaniachia kopo la maziwa. Ilikuwa miaka ya elfu mbili, shule za sekondari za kata zimeanza kujengwa, nafasi zimeongezeka. Januari moja mama mmoja aliingia ofisini na mvulana anayetabasamu bila sababu.

"Shikamoo, Bwana Ijumaa," akasema.

Mjini hakuna aliyelijua jina hilo. Nilimtazama, sikumtambua, mpaka alipoanza kuhesabu miaka kwa kugusisha vidole kidevuni.

"Somoe?"

"Ndiye mimi, mwalimu. Bibi alifariki, mimi niliolewa huku. Nina meza ya chakula sokoni. Nimekuletea Shaibu, anaingia darasa la saba. Anacheka mno huyu. Akileta mzaha mtie mstari wa korosho."

"Mstari huo nimeuacha."

"Basi urudishe kwa ajili yake. Mimi ulinipanga vizuri, mwalimu, woga wangu ndio ulioniangusha. Ningekuwa na moyo ningefika mbali."

Alisema hivyo mbele ya mtoto, kwa adabu, akinishukuru. Ningeweza kustahimili matusi kuliko shukrani zile.

Baada ya majuma kadhaa Shaibu alipunguza kucheka, nikaenda kuwatembelea nyumbani jioni moja. Ukutani Somoe alikuwa amebandika karatasi za majaribio ya Shaibu, moja baada ya nyingine. Chakula kikatengwa mkekani. Wadogo zake Shaibu wakazunguka sinia. Shaibu akachukua sahani yake, bila kuambiwa, akaenda kukaa peke yake karibu na mlango.

"Kwa nini hakai na wenzake?" nikauliza.

"Amepata sita kati ya kumi," akajibu Somoe. "Akipata nane anarudi mkekani. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Sahani ya mtoto ilikuwa imejaa vilevile alivyopakuliwa. Nilikaa pale nikiangalia darasa langu la Mahurunga limehamia ndani ya nyumba ya mtu, na nikajua nikinyamaza tena mtoto huyu atafika mwezi wa tisa na raba kama punje ya mahindi. Sikusema mbele yake. Kesho yake, wateja walipopungua, nilikwenda sokoni nikakaa kwenye benchi la meza yake.

"Somoe, siku ile ya mtihani hukukosea kitu," nikaanza. "Karatasi ikitoboka, mtoto anapewa msaada. Nilijua. Nilisema habari za serikali ili mratibu acheke."

Aliendelea kufuta meza.

"Na kwenye fomu niliandika wewe ni mtoro. Sikuandika kwamba nimekutisha. Kisha nikahama ili nisikuone."

Mteja akaja, Somoe akamwekea maandazi na chai, akampa chenji. Kisha akaja kukaa upande wa pili wa benchi.

"Kwa hiyo hawakunitafuta?"

"Nani?"

"Serikali."

"Hakuna aliyekutafuta."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, Somoe."

Alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Mwaka mzima, gari lolote likiingia kijijini mimi naingia mikoroshoni. Bibi ananipelekea chakula hukohuko. Mpaka akasema atanihamishia kitanda." Akakunja kitambaa cha kufutia meza. "Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa mjinga."

"Mjinga nilikuwa mimi, na nilikuwa mtu mzima."

"Ulikuwa kijana," akasema, kisha akajirekebisha. "Hapana. Sitakusaidia hapo. Ulikuwa mwalimu."

"Ni kweli."

Aliinuka, akanimiminia chai, akaiweka mbele yangu kwa nguvu kiasi cha kumwagika. Nikainywa. Haikuwa na sukari, na sikuomba.

Sikujua kama atanisamehe, na sikumuuliza, maana hilo lingekuwa kumtwisha kazi nyingine. Ila siku chache baadaye Shaibu alikuja ofisini kuniambia mama amebandua karatasi ukutani na kuzifungia maandazi. "Wateja wanasoma alama zangu, mwalimu," akalalamika. "Mmoja kaniambia hesabu ya nne nimekosea kweli." Alikuwa anacheka tena. Siku ya Balaa alichota kikaratasi cha kulala usingizi kwenye mtihani, akakoroma kwa ustadi mpaka darasa la jirani likatuma mjumbe.

Mama yake alichelewa zaidi kupona. Mwezi wa nane alinifuata mara tatu kuuliza kama nina hakika hakuna mada mpya. Wiki ya mwisho alitaka Shaibu aamke saa tisa usiku asome. Nikamwambia amwache alale, naye akaniambia kwa ukali kwamba mara ya mwisho aliponisikiliza aliishia juu ya dungu. Lakini alimwacha alale.

Siku ya mtihani ilipofika mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo ya uwanja, mahali pa walimu wasioruhusiwa kusogea. Somoe alikuwa nje ya uzio tangu asubuhi, na bakuli limefunikwa kwa kitambaa. Muda wote wa hisabati vidole vyake vilikuwa kidevuni. Rimu ilipogongwa watoto wakamwagika nje, na Shaibu akatoka katikati ya kundi, akikimbia.

"Mama! Penseli ilivunjika, nikanyoosha mkono! Nikamwambia msimamizi, akanipa kichongeo!"

Nilimwona Somoe amefungua mdomo. Nilijua swali lililokuwa mdomoni mwake, kwa sababu nami nilikuwa nalo: hesabu ngapi, umekosa ipi, umehakiki. Lilikaa hapo kidogo. Kisha akalimeza, akafunua bakuli.

"Umekula?"

"Bado."

"Kaa hapa."

Shaibu akakaa chini na kuanza kutafuna andazi, akisimulia habari ya kichongeo kwa mara ya pili. Mtaniuliza kama alichaguliwa. Muulizeni mwenyewe, siku hizi mnamkuta bandarini, na bado anacheka bila sababu.

Mimi nilikuwa nimesogea mpaka kwenye uzio bila kujijua. Somoe alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma swali ili asilikosee. Akachukua andazi moja kutoka kwenye bakuli, akalipitisha juu ya uzio.

"Na wewe, Bwana Ijumaa," akasema. "Umekula?"